Ziara ya Mtu Mmoja

Ukungu ulikuwa bado umelalia mabati ya mji wa Mugumu wakati Tabitha Nyamhanga alipopanda gari la watalii, abiria peke yake. Dereva, ambaye ndiye pia mwongoza wageni, alimwambia achague kiti anachopenda. Tabitha akakaa nyuma yake, upande wa dirisha. Kwa mujibu wa maelezo yaliyoandikwa kituo cha polisi, hapo ndipo alipokaa Ikram.

Ikram Abdurahmani alikuwa mshonaji kutoka Tanga. Wiki iliyotangulia alifika Mugumu bila mwenzi, akalipia ziara ya siku moja ya vijijini, akaondoka asubuhi na gari hili hili na dereva huyu huyu, Method. Hakuonekana tena. Method aliwaambia polisi kwamba jioni alimshusha stendi, mvua ikinyesha. Dullah, mhudumu wa nyumba ya wageni, alisema mgeni wake hakurudi hata kuchukua begi. Kisha wachungaji wa ng'ombe wa kijiji cha Machochwe wakaokota kubadhi moja la ngozi kando ya kijito, karibu na mpaka wa hifadhi, na dada yake Ikram akalitambua kwa picha iliyotumwa Tanga.

Tangu hapo mji ulikuwa umeshatoa hukumu. Method alihojiwa akaachiwa, kwa sababu hapakuwa na mwili wala shahidi. Lakini vijana wa kijiji jirani cha Morotonga walikuwa wakisema wazi kwamba sheria ikichoka, wao hawajachoka. Ndipo Tabitha, Mkaguzi Msaidizi wa Polisi, akatumwa kutoka Musoma. Hakumwita Method kumhoji upya. Alipiga simu kama mgeni yeyote, akaomba ziara ya mtu mmoja, njia ile ile.

"Dada, karibu sana," Method alisema akiwasha gari. "Leo tutakwenda polepole. Ukungu huu haupendi haraka."

Alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, shingo nene, sauti ya chini. Macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu ambaye usingizi umemkimbia.

Kabla ya kutoka mjini alisimama kwenye banda la kuku. Muuzaji, mzee mwenye kofia ya kufuma, alimtolea jogoo mmoja mwekundu. Tabitha alitazama kupitia dirishani akidhani jogoo atafungwa miguu na kutupwa nyuma ya gari. Haikuwa hivyo.

"Nichinjie hapa hapa, mzee," Method alisema. "Wewe mwenyewe, si kijana wako."

Mzee akamgeuza jogoo kibla, akasoma, akachinja. Jogoo akanyonyolewa, akafungwa kwenye mfuko. Method aliuweka chini ya kiti chake.

"Wa chakula chetu?" Tabitha aliuliza.

"Hapana. Wa nyumbani."

Kituo cha kwanza kilikuwa mji, yaani boma, wa mama mmoja wa Morotonga, ambako wageni hufundishwa kusaga ulezi kwa jiwe. Tabitha alipiga magoti akasaga. Moshi wa jikoni ulikuwa umejichanganya na ukungu, sauti za ng'ombe zilitoka mahali asipopaona, na kwa kitambo mikono yake ilikwenda na kurudi juu ya jiwe kama si yake. Unga ulishuka kidogo kidogo, mwekundu, laini. Alijikuta amesahau kwa nini yuko pale.

"Na yule mwenzako alisaga vizuri," mama mwenye mji alisema. "Yule wa mtandio."

Method aligeuka haraka. "Mama, tunachelewa."

"Wa mtandio yupi?" Tabitha aliuliza kwa upole, akipangusa mikono.

"Wageni ni wengi," Method alijibu badala ya mama. "Twende, dada."

Barabara ya Machochwe ilikuwa nyekundu na laini kwa mvua za wiki nzima. Jua lilipanda bila kuonekana. Ukungu ukageuka rangi ya maziwa, kisha rangi ya asali. Mawe makubwa yalijitokeza mashambani moja moja, yakasogea, yakapotea nyuma. Mbali sana, upande wa hifadhi, mstari mweusi wa nyumbu ulikuwa ukitembea bila sauti, na Tabitha hakuweza kujua unakwenda au unarudi. Gari liliyumba taratibu. Method alieleza mambo ya ng'ombe na rika na tohara kwa sauti ya mtu anayesoma kitu alichokikariri zamani, na sauti hiyo ikamvuta Tabitha kwenye usingizi wa macho wazi.

Alizinduka gari liliposimama. Mbele yao palikuwa na kijito, na mawe ya kuvukia yamepangwa katikati ya maji.

"Hapa wageni huvuka kwa miguu," Method alisema. "Mimi hupita juu kwenye daraja, nawasubiri ng'ambo. Lakini leo maji ni mengi. Baki tu kwenye gari."

"Nitavuka."

Method akamfungulia mlango.

Tabitha alishuka. Hakuvuka mara moja. Alisimama kwenye jiwe la kwanza, akavunja kijiti cha mti mkavu, akakidondosha katikati ya mawe, pale ambapo maji yalikuwa na nguvu. Kisha akatembea kando ya kijito akikifuata. Kijiti kilizunguka, kikapinda na mkondo, kikaenda kunasa kwenye mizizi ya mtini iliyoinamia maji. Hapo hapo ndipo wachungaji walipookota kubadhi. Alitupa kingine, kikanasa pale pale.

Alichuchumaa. Alikuwa amelichunguza kubadhi lile mezani Musoma mpaka akalijua kwa vidole. Ukanda wake haukuwa umeraruka. Ulikuwa umechomoka kwenye msumari, kama unavyochomoka mtu anapoteleza na mguu ukabaki nyuma. Hapakuwa na damu wala alama ya jino. Ikram hakufia kwenye mtini ule. Aliteleza kwenye mawe, kiatu kikaenda na maji, naye akapanda ng'ambo akiwa na mguu mmoja peku.

Na huko ng'ambo Method alikuwa akimsubiri.

Tabitha alivuka. Maji yalikuwa baridi, na kwenye jiwe la katikati alisimama kidogo bila sababu, akisikiliza yanavyopita.

Chakula cha mchana walikula juu ya mwamba mpana, baada ya kukipita kijiji cha Machochwe. Method alitandika kitenge, akatoa viazi, mayai ya kuchemsha na chai ya chupa.

"Karatasi ya ziara inasema chakula cha mchana ni kijijini Busawe, nyumbani kwa familia," Tabitha alisema.

"Wamesafiri."

"Wote?"

"Wote, dada."

Tabitha alimenya yai taratibu. "Method, wewe ni Mkristo?"

"Mimi ni Mlutheri. Kwa nini?"

"Nyumbani kwako kuna Mwislamu?"

"Hapana."

"Basi jogoo yule anakwenda kuliwa na nani?"

Method alitazama chai yake. Upepo ulipita juu ya mwamba ukainua pindo la kitenge.

"Mkurya akinunua jogoo huenda naye mzima, akamchinja uani kwake," Tabitha aliendelea. "Wewe umemtaka mzee achinje kwa mkono wake mwenyewe. Mahali jogoo anakokwenda kuna mtu asiyekula kilichochinjwa na mtu wa nyumba ile. Na jambo la pili. Kituoni uliulizwa mgeni wako alishuka stendi amevaa nini. Ulitaja gauni, ukataja mtandio, ukasema viatu vyake miguuni. Lakini kiatu kimoja kilikuwa kimeshakwenda na maji tangu mchana. Mwanamke akishuka stendi ya Mugumu kwenye mvua akiwa mguu peku, dereva wake anakumbuka. Hakushuka stendi."

Kengele ya ng'ombe ilisikika chini ya mwamba.

"Mimi ni Mkaguzi Msaidizi Tabitha Nyamhanga, kutoka Musoma."

Method hakushtuka. Alirudisha kiazi chake kwenye sahani. "Nilijua, afande. Watalii wanaangalia mbali. Wewe tangu asubuhi unaangalia chini."

"Yuko hai?"

"Yuko hai."

"Amefungiwa?"

"Hapana." Alipitisha kiganja usoni. "Ningekuwa nimemfungia ningekuwa nimeshakimbilia Sirari, nimevuka mpaka. Nimekaa Mugumu natukanwa kwa sababu niliahidi."

"Uliahidi nini?"

"Twende ukaone. Nikikueleza hapa utasema natunga."

Busawe walifika alasiri, jua likiwa limelegea. Mji ule ulizungushiwa minyaa, na katikati palikuwa na zizi na ghala la nyasi. Kwenye baraza ya nyumba ndogo mwanamume wa makamo alikuwa amekaa akipiga litungu, polepole sana, nyuzi mbili tatu tu zikirudia. Hakuacha kupiga walipoingia. Alimtazama Method, akamtazama Tabitha, vidole vikiendelea.

"Mwikwabe," Method alimwita. "Huyu ni afande. Amejua mwenyewe."

Mwikwabe alilaza mkono juu ya nyuzi. Kutoka ndani sauti ya kizee ikauliza kitu kwa Kikurya, kwa manung'uniko, na mwanamume yule akaanza kupiga tena.

"Nikiacha anaamka," alisema. "Karibu, afande. Samahani sisimami."

"Ikram yuko wapi?"

Mwanamke alitokea mlangoni akiinama, ameshika bakuli tupu. Alivaa kitenge cha kuazima na ndala za kiume zilizomzidi mguu, na mtandio ule ule wa kwenye picha.

"Ikram Abdurahmani?"

"Ndiye mimi."

"U mzima?"

"Alhamdulillah, ni mzima. Kuna nini?"

Tabitha alimchukua mpaka nyuma ya ghala, mbali na wanaume wote wawili, akamwuliza kama sheria inavyotaka: kama kuna aliyemtisha, kama kuna aliyemzuia njia, kama angetaka kuondoka sasa hivi. Ikram alijibu hapana, hapana, bado. Kisha Tabitha akamwambia anatafutwa. Alimweleza habari za kubadhi, za dada yake aliyekesha kwenye simu, za vijana wa Morotonga. Ikram alisikiliza, uso ukimpauka. Aliweka bakuli chini.

"Simu yangu iliingia maji kule kijitoni," alisema. "Nilimpa Method ujumbe amtumie dada yangu Shani. Nilimpa na salamu kwa Dullah, kwamba nachelewa."

Walirudi kwenye baraza. Method alikuwa amesimama ameinamisha kichwa.

"Siku ya kwanza nilimdanganya Dullah tu," alisema. "Nilisema nimemshusha stendi ili asiulize yuko kijiji gani, maana Mwikwabe aliomba jirani yeyote asijue. Ilikuwa iwe usiku mmoja. Kesho yake polisi wakaja, nikasema lile lile. Baada ya hapo ujumbe ningeutuma kwa simu yangu, wangesema nimemwua na sasa najifanya yeye."

"Ungesema kweli," Ikram alimwambia.

"Ningesema kweli wangekuja hapa na magari, na kijiji kizima nyuma yao. Wangemwambia mama."

"Wangemwambia nini?" Tabitha aliuliza.

Mwikwabe ndiye aliyejibu, bila kuacha litungu. Mama yake, Wegesa, alikuwa haoni kwa miaka mingi, na mwezi huo alikuwa ameacha kula. Alikuwa akimngoja binti yake, Felista, aliyeondoka nyumbani akiwa msichana. Siku ile wageni walipokuja kula chakula cha mchana, yaani mgeni huyu mmoja, alinawishwa maji karibu na kitanda cha mzee. Alisema, "Asante, inatosha," na mzee akanyoosha mkono akamshika. Akasema, Felista, umechelewa.

"Nilitaka kumwambia si mimi," Ikram alisema. "Neno lililotoka ni mama." Aliangalia pembeni. "Wangu alizikwa mwaka jana nikiwa njiani. Nilifika wanatandua maturubai."

"Jioni ile alikula," Mwikwabe alisema. "Kwa mkono wa huyu. Uji, kisha samaki. Na juzi akaomba kuku. Mimi nikamwomba dada huyu akae kesho moja. Kisha nyingine."

"Yeye anasema Kikurya, wewe hujui," Tabitha alimwambia Ikram. "Hakushangaa?"

Mwikwabe alitabasamu kidogo. "Alisema, mahali ulipokuwa ni mbali sana, hata lugha yetu umeisahau."

Tabitha alikaa kwenye ukingo wa baraza. Nyuzi ziliendelea, na moshi wa jikoni ulitanda chini chini kwenye ua mpaka kuku walionekana wanaogelea. Ilikuwa vigumu kufikiri kwa lugha ya maelezo na vifungu mahali kama pale, lakini alifikiri. Mtu mzima, mwenye akili timamu, amekaa kwa hiari yake. Hapakuwa na kosa la jinai ila uongo wa Method kwa polisi, na huo angeujibu mwenyewe.

Alitoa simu yake, akapiga Tanga. Shani alipokea kabla mlio wa kwanza haujaisha.

"Shani, ni mimi," Ikram alisema, akachuchumaa pale pale na simu sikioni.

Baadaye Tabitha alimrekodi Ikram kwa video akisimama kando ya Method, akitaja jina lake na siku hiyo, akisema kwamba hakudhuriwa na mtu. Akaituma kwa mkuu wa upelelezi wa wilaya, kisha kwa Dullah, na maagizo: kabla jua halijazama, vijana wa Morotonga wawe wameiona. Hakutaja kijiji.

"Wewe kesho asubuhi utakuja kituoni," alimwambia Method. "Utaandika maelezo mapya. Utaeleza kwa nini uliwasumbua watu."

"Nitakuja, afande."

"Na mimi?" Ikram aliuliza.

"Wewe si mtuhumiwa wala si mtu aliyepotea. Ukitaka kukaa, kaa. Ila mpigie dada yako kila siku."

Sauti ya kizee iliita tena kutoka ndani. Safari hii Mwikwabe aliacha kupiga. "Anauliza nani amekuja," alisema, na Tabitha akaona hofu usoni mwake. "Tafadhali, afande."

"Nitamsalimia tu."

Ndani palikuwa na giza laini, na harufu ya majani makavu na mafuta ya ng'ombe. Wegesa alikuwa mdogo sana juu ya kitanda, uso umeelekea mlango. Ikram alimwinua, akamwekea mto mgongoni, akamfunika miguu. Mikono yake ilijua kila kitu kilipo.

Tabitha alimsalimia kwa Kikurya alichobakiwa nacho, kile cha baba yake, chenye matundu.

"Unaongea kama mtoto," mzee alisema kwa Kikurya. Kisha, kwa Kiswahili kichache, akamwambia Ikram, "Mwanangu, kuku."

Ikram alitoka kwenda jikoni. Mzee alisubiri mpaka ndala zile kubwa zikasikika mbali uani. Akarudi kwenye lugha yake, taratibu, ili Tabitha aifuate.

"Wewe ni wa serikali."

"Ndiyo, mama."

"Umekuja kumtafuta huyu."

"Ndiyo. Nimempata. Sitamchukua."

Mzee alitikisa kichwa, kama mtu anayeambiwa jambo dogo. "Huyu si Felista."

Nje, litungu lilianza upya.

"Felista alianguka motoni akiwa anatambaa. Kiwiko chake kimekunjamana, hakinyooki. Huyu nilimshika siku ile ile, mkono mzima ni laini. Nilikwishamwita, nikajua nimekosea. Lakini akaniita mama. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyebeba neno hilo muda mrefu, hana pa kulitua." Alivuta pumzi. "Nikanyamaza. Nikala, kwa sababu nikila anafurahi. Na Mwikwabe naye anafurahi. Usiwaambie."

"Sitawaambia."

"Huyu amepotea siku chache tu."

"Siku chache, ndiyo."

"Na umetoka Musoma kwa ajili yake. Gari limekuja. Simu zimepigwa mpaka kwao." Hapakuwa na lawama katika sauti ile; alikuwa kama mtu anayeulizia njia. "Felista alikwenda Sirari kuuza mahindi ya rafiki yake, miaka mingi sasa. Mwikwabe alikwenda kwa mkubwa mmoja wa kijiji kusema. Akaambiwa msichana wa umri ule hapotei, ameolewa mahali. Akarudi. Niambie wewe unayejua. Wangu, nani alimtafuta?"

Tabitha alikuwa na majibu mengi ya kazini. Yote yalimjia, na yote aliyaacha yapite.

"Hakuna, mama."

"Hakuna," mzee alirudia, akiridhika kwamba hatimaye mtu amelisema.

Harufu ya kuku ilianza kuingia. Ikram alikuwa akicheka jikoni na mtu, pengine Method, na maji yalikuwa yakimiminwa. Tabitha alivuta kigoda mpaka goti lake likagusa kitanda.

"Kiwiko cha mkono gani?" aliuliza.

Wegesa alinyoosha mkono wake wa kushoto gizani, akautafuta mkono wa Tabitha, akauchukua mpaka kwenye kiwiko chake mwenyewe, akaanza kumwonyesha kovu la Felista lilipoanzia.